Kazi ya Kikundi Katika Sayansi: Jinsi Seli Inavyotengeneza Protini

Katika shule ya msingi mtoto hufundishwa kwamba samaki, mayai, kunde na mbaazi ni vyakula vya kujenga mwili. Mtoto wa Kilwa Kivinje au wa Mchinga hulikubali jambo hilo upesi, kwa kuwa vyakula hivyo avijua. Lakini siku moja mwanafunzi mwerevu atauliza: "Mwalimu, pweza niliyemla jana anageukaje kuwa mwili wangu?" Mwalimu asiyejua kinachotendeka ndani ya seli atamjibu kwamba hayo atayasoma sekondari, na udadisi wa mtoto utazimwa papo hapo.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa kulielewa jambo hilo kwa njia ya kazi ya kikundi, kwa zana zinazopatikana pwani ya Lindi. Kazi hii ni ya wanachuo wenyewe, si ya watoto wa shule ya msingi. Mwishoni tutaeleza ni nini katika haya kinachofaa kupelekwa kwa watoto.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Protini ya pweza haiingii katika misuli ya mtoto kama ilivyo. Tumboni na katika utumbo huvunjwavunjwa mpaka ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Vipande hivyo husafirishwa na damu hadi kwenye seli, na huko hupangwa upya kuwa protini za mwili wa mtoto. Aina za asidi amino zitumikazo ni 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea: lazima zitoke katika chakula.

Je, aina 20 tu zawezaje kujenga maelfu ya protini zilizo tofauti? Tutazame magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa vyote vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Vifaa ni vilevile. Kilichotofautisha msikiti na jumba ni mpangilio. Ndivyo ilivyo kwa protini. Asidi amino ni zilezile katika nywele, katika misuli na katika damu, bali mpangilio wake ndio unaotofautiana.

Mpangilio huo umeandikwa katika DNA, iliyomo ndani ya kiini cha seli. Maandishi ya DNA yana herufi 4 tu: A, T, C na G. DNA haitoki katika kiini. Sehemu inayohitajika hunakiliwa kuwa uzi wa RNA, na nakala hiyo ndiyo itokayo nje. Katika kunakili, A ya DNA huandikwa U, T huandikwa A, C huandikwa G, na G huandikwa C. Nje ya kiini nakala hushikwa na ribosomu, ambayo huisoma kwa maneno ya herufi 3. Kila neno hutaja asidi amino moja. Wachukuzi, ambao nao ni RNA za aina nyingine, huileta asidi amino iliyotajwa, na ribosomu huiunganisha na ile iliyotangulia. Hivyo mnyororo hurefuka mpaka lifike neno la kukomesha. Kisha mnyororo hujikunja na kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha protini kufanya kazi.

Neno la kwanza kabisa lilifumbuliwa mwaka 1961 na Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei huko Marekani. Kufikia mwaka 1966 maana ya maneno yote 64 ilikuwa imekwisha kujulikana.

Kasoro ya kawaida katika kazi za vikundi

Mara nyingi kikundi kipewapo kazi kama hii hugawana vichwa vya habari. Mmoja huandika juu ya DNA, wa pili huandika juu ya RNA, wa tatu huchora picha, na wengine hungoja. Siku ya kuwasilisha kila mmoja husoma kipande chake, na hakuna aliyeielewa kazi nzima. Dawa yake ni kuwagawia wanachuo hatua za kazi yenyewe, ili pasiwe na awezaye kuendelea kabla mwenzake hajamaliza, wala pasiwe na awezaye kukosea bila kosa hilo kuonekana mbele.

Zana na mgawanyo wa kazi

Kata mabua ya mtama yawe vipande vifupi mfano wa shanga. Andika juu ya kila kipande ufupisho wa jina la asidi amino. Zatakiwa aina 8, kila aina vipande visivyopungua 5 kwa kikundi. Andaa pia sindano, uzi, na ubao mdogo au karatasi ngumu.

Kikundi kiwe na watu 6. Mtunza kitabu hukaa ndani ya duara lililochorwa chini, ambalo ndilo kiini, na karatasi ya DNA haruhusiwi kuitoa humo. Mnakili huingia, hunakili, kisha hutoka na nakala. Fundi, yaani ribosomu, husoma nakala neno moja moja kwa sauti. Wachukuzi wawili huleta shanga iliyotajwa. Fundi huitunga. Mkaguzi hulinganisha kila hatua na kanuni.

Mtunza kitabu apewe maandishi haya:

TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC TTC

Mnakili akifanya kazi yake sawasawa atapata:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG

Ufunguo wa wachukuzi ni huu: AUG ni methionini, GUG ni valini, CAU ni histidini, CUG ni lusini, ACU ni threonini, CCU ni prolini, GAG ni asidi glutamiki, na GAA pia ni asidi glutamiki, AAG ni lisini.

Maandishi haya hayakubuniwa kwa ajili ya zoezi. Ndiyo mwanzo wa maagizo ya mnyororo mmojawapo wa himoglobini, protini ya seli nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Mnyororo kamili una asidi amino 146, baada ya ile methionini ya mwanzo kuondolewa.

Duru tatu

Duru ya kwanza vikundi vyote vitumie maandishi sahihi, na mwishoni minyororo ilinganishwe. Ikitofautiana, wanachuo wenyewe watafute ni katika hatua gani kosa liliingia.

Duru ya pili wabadilishane kazi. Safari hii mkufunzi akipe kikundi kimoja, bila kutangaza, maandishi ambayo neno la saba si CTC bali ni CAC. Herufi moja tu imegeuka. Nakala itasomeka GUG, na mahali pa asidi glutamiki ya kwanza patatungwa valini. Mkaguzi hataona kosa la kazi, kwa kuwa kila mtu amefuata maagizo kwa uaminifu. Maagizo yenyewe ndiyo yaliyobadilika.

Duru ya tatu neno hilohilo liwe CTT. Nakala itakuwa GAA, na shanga itakuwa ileile ya asidi glutamiki. Hapo wanachuo watajifunza kwamba si kila badiliko la herufi huleta madhara.

Maana ya shanga moja

Baada ya duru hizo mkufunzi aeleze kwamba badiliko la duru ya pili ndilo chanzo cha ugonjwa wa seli mundu. Valini hiyo hufanya himoglobini zishikamane kila ziachapo oksijeni, na seli nyekundu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo, hupinda kama mundu. Seli za namna hiyo huziba mishipa midogo, huleta maumivu makali, na hufa mapema, hata mgonjwa akapungukiwa damu. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 kwamba tofauti yote ni ya asidi amino moja.

Jambo hili latuhusu sana watu wa pwani. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo, akaona kwamba urithi wa seli mundu ni mwingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo penye malaria nyingi urithi huu ulidumu, na pwani yetu ni mahali pa malaria. Wazazi wawili wenye urithi huo, wasiougua wenyewe, wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka.

Basi yamkini mwalimu akakutana na mtoto wa namna hiyo darasani. Asiyejua atamwita mvivu kwa kutokuja shule, au atawasikiliza wasemao kwamba amerogwa. Ajuaye atamruhusu kunywa maji mara kwa mara, hatamlazimisha kukimbia hata achoke mno wala kukaa katika baridi na mvua, atamrudishia masomo yaliyompita, na akipata homa au maumivu atahimiza apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Wala hatamtaja wala kumwonyesha kidole mbele ya wenzake kuwa mfano wa somo.

Upimaji

Mkufunzi asitoe alama kwa uzuri wa mnyororo. Apige kura, amwite mmoja wa kikundi, na amtake aeleze hatua ambayo hakuifanya. Alama atakayopata iwe ya kikundi kizima. Kwa njia hiyo aliyeelewa atalazimika kumwelewesha mwenziwe kabla ya siku ya upimaji. Kila kikundi kiulizwe pia ni wapi mfano huu unapungua. Kwa mfano, katika seli ya binadamu nakala hukatwa vipande visivyohitajika kabla ya kutoka katika kiini, nasi hatua hiyo tumeiacha.

Kwa watoto wa shule ya msingi, mwalimu aache herufi na majina marefu. Achukue uzi mmoja wa shanga za rangi mbalimbali, azifungue mbele yao, kisha azitunge upya kwa mpangilio mwingine. Awaambie kwamba tumbo hufungua shanga za pweza na mwili hutunga za kwake. Jibu hilo ni fupi, ni la kweli, na mtoto atakapofika sekondari hatahitaji kulisahau ndipo ajifunze.