Wanunuzi wa pumba Chalinze wapima kilo, wasahau saa

CHALINZE, njia panda inayogawa magari ya Morogoro na yale ya Segera, ni kituo kinachofahamika kwa malori yanayopeleka ng'ombe mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kiangazi kinapokomaa na nyasi kugeuka mabua, mwenye ng'ombe hubaki na mambo mawili: auze mnyama akiwa amekonda, au amtie zizini amnenepeshe kwa pumba na mashudu. Anayechagua la pili huwa ameingia kwenye uwekezaji, na mtaji wake wote unapita kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe.

Tumbo hilo ni pipa la kuchachushia. Vijidudu vilivyomo huvunja chakula na kutoa asidi ambazo humpatia mnyama sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia. Pia hutoa gesi ya methani, ambayo hutoka kwa kubeua. Kwa chakula duni, kiasi cha asilimia 6 au zaidi ya nguvu iliyolipiwa kinaweza kupotea kwa njia hiyo.

Kinachomhusu mfanyabiashara ni kwamba uchachukaji huo una hesabu. Mwaka 1979 wataalamu Ørskov na McDonald, waliokuwa Aberdeen, Scotland, walichapisha kanuni inayotumika hadi leo. Chakula hutiwa katika mifuko midogo ya nailoni na kuingizwa tumboni kupitia tundu lililofunguliwa ubavuni mwa ng'ombe, kisha mifuko hutolewa kwa zamu, mmoja baada ya saa 4, mwingine 8, na kuendelea hadi 48 au zaidi. Kilichopungua hupimwa. Hapo hupatikana tarakimu tatu: sehemu inayoyeyuka papo hapo, sehemu inayochachuka taratibu, na kasi ya uchachukaji huo kwa saa. Mwaka huo huo Menke na wenzake wa Hohenheim, Ujerumani, walionyesha njia nyepesi zaidi: chakula kidogo sana ndani ya bomba la sindano la kioo, pamoja na maji ya tumbo la ng'ombe, na gesi inayosukuma bomba husomwa baada ya saa 24.

Lakini chakula hakikai tumboni milele. Huku kikichachuka, kingine kinasukumwa mbele kwenda utumbo. Ni mashindano ya kasi mbili, na mshindi ndiye anayeamua faida.

Chukua mfano (tarakimu na bei ni za kuonyesha hesabu tu, si za soko). Pumba safi za mahindi zina asilimia 30 inayoyeyuka mara moja na asilimia 50 inayochachuka kwa kasi ya asilimia 8 kwa saa. Chakula kinatoka tumboni kwa asilimia 5 kwa saa. Basi hizo 50 huzidishwa kwa 8, zikagawanywa kwa 13, zikaongezwa 30: jibu ni karibu 61. Maganda ya mpunga, yaliyojaa mchanga wa asili na nyuzi ngumu, yakiwa na 5 ya mara moja na 15 yenye kasi ya asilimia 2, hutoa 9 tu.

Sasa tani moja ya pumba kwa shilingi 450 kilo ni shilingi 450,000. Zikiwa safi, kilo 608 zinachachuka, yaani shilingi 740 kwa kila kilo inayomfaa ng'ombe. Muuzaji akichanganya theluthi moja ya maganda, zinabaki kilo 436, na bei ya kweli inapanda hadi shilingi 1,032. Mnunuzi amepoteza karibu shilingi 127,000 na mizani haikumdanganya hata gramu moja.

Hasara ya pili haionekani kwenye karatasi. Maganda yasiyochachuka hukaa, hujaza tumbo, na ng'ombe huacha kula huku bado ana njaa ya nguvu. Akipimwa mnadani, sehemu ya uzito wake ni mzigo huo huo. Mnunuzi mzoefu wa nyama anaujua mchezo huu na hupunguza bei ipasavyo.

Kwa mabua, tiba si ngeni. Warsha iliyofanyika Arusha Januari 1981 ilijadili malisho duni ya Afrika na namna ya kuyaboresha kwa kemikali. Njia ya urea, takriban kilo 4 au 5 kwa kilo 100 za mabua, iliyoyeyushwa majini na kufunikwa wiki 3, huongeza kinachochachuka. Urea ikizidi au isipoenea sawasawa huua, kwa hiyo si kazi ya kukisia.

Tangu 2010 nchi ina sheria ya malisho na vyakula vya mifugo. Hata hivyo sheria haisimami getini pumba zinaposhushwa. Anayenunua tani kadhaa achukue sampuli juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, azichanganye, na aombe kipimo cha majivu na nyuzi kabla ya kumaliza malipo. Majivu yakiwa mengi kuliko kawaida ya pumba za mahindi, maganda ndiyo ya kwanza kushukiwa, na mazungumzo ya bei yaanzie hapo.