Zijue Aina Tatu za Injini ya Stirling Kabla ya Kununua

Injini ya Stirling ni mtambo unaoendeshwa kwa joto linalotoka nje ya silinda. Injini ya dizeli huchoma mafuta ndani yake. Hii huweza kutumia moto wa kuni, pumba za mpunga au mionzi ya jua. Ilibuniwa na Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, aliyepata hataza mwaka 1816.

Kanuni yake ni moja. Hewa iliyofungiwa ndani hupashwa joto upande mmoja ikatanuka, kisha hupozwa upande wa pili ikasinyaa. Mabadiliko hayo huisukuma pistoni na kuzungusha gurudumu. Kinachotofautisha aina zake ni mpangilio wa silinda na pistoni.

Alfa. Ina silinda mbili, moja ya moto na nyingine ya baridi, kila moja na pistoni yake. Hutoa nguvu kubwa kwa umbo dogo. Hata hivyo, pistoni ya upande wa moto hulazimika kuzuia hewa isivuje katika joto kali, hivyo sili zake huchakaa upesi.

Beta. Ina silinda moja. Ndani yake kuna kisukumahewa, kinachohamisha hewa kati ya upande wa moto na wa baridi, pamoja na pistoni ya nguvu inayokaa upande wa baridi. Sili za pistoni huepushwa na moto, lakini fimbo ya kisukumahewa hupenya katikati ya pistoni, jambo linalohitaji fundi stadi.

Gama. Kisukumahewa na pistoni vina silinda tofauti zilizounganishwa kwa njia ya hewa. Ni rahisi zaidi kuunda na kukarabati, na huweza kufanya kazi hata kwa tofauti ndogo ya joto. Upungufu wake ni nguvu ndogo kwa ukubwa uleule, kwa kuwa sehemu ya hewa hubaki njiani bila kufanya kazi.

Kikundi kinachokusudia kutumia akiba au mkopo wake kununua mtambo huu kimtake muuzaji aeleze mambo matatu: ni aina ipi, vipuri vyake vinapatikana wapi, na upande wa baridi utapozwa kwa nini. Moto pekee hauzungushi injini hii. Pasipo maji au upepo wa kuipoza, husimama. Ni vyema kikundi kimshirikishe Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kulipa.