Daktari Wetu Anahama: Je, Ni Mshahara Tu?



Juzi baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Bariadi alitushika mkono, tukasimama naye kando ya kanisa. Kijana wake amemaliza udaktari: miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Sasa ameitwa mahali patatu. Serikali inampeleka kituo cha afya wilayani Meatu. Hospitali ya binafsi jijini Mwanza inamtaka. Na hospitali moja ya misheni imemwomba aje wazungumze.

"Mama nesi," akasema, "baba yake anataka aende Mwanza kwenye hela. Tumeuza ng'ombe wangapi kumsomesha! Ninyi mnasemaje?"

Hatukumjibu siku ile. Swali lake linazihusu familia zote za Simiyu, hata zile zisizo na mtoto daktari. Kijana wa mama huyu akichagua, kuna mgonjwa mahali fulani atakayemkuta, na kuna mwingine atakayekuta mlango umefungwa.

MILANGO MITATU

Mwaka 1977 sheria ya nchi yetu ilipiga marufuku uganga wa binafsi wa kutafuta faida. Daktari alibakiwa na milango miwili: serikali, au mashirika yasiyotafuta faida, hasa hospitali za makanisa. Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa na mlango wa tatu ukafunguliwa. Tuitazame milango hiyo.

Serikalini mshahara unafuata ngazi inayojulikana. Ajira ni ya kudumu, mafao ya uzeeni yapo, na aliyethibitishwa kazini anaweza kuruhusiwa kwenda masomoni huku akilipwa. Ubaya wake ni kwamba kupanda daraja huweza kuchelewa, na unaweza kupangiwa mahali ambapo daktari ni wewe peke yako.

Hospitali ya binafsi hukaa mahali penye wagonjwa wanaoweza kulipa, na ndiyo maana nyingi ziko mijini. Fedha yake inaweza kuwa nzuri, lakini mara nyingi kazi ni ya mkataba. Wagonjwa wakipungua, mfuko nao unapungua.

Misheni ina sura mbili. Kwa makubaliano ya makanisa na serikali ya mwaka 1992, na hasa katika hospitali zilizoteuliwa kuwa za wilaya, baadhi ya watumishi wanalipwa na serikali. Wengine wanalipwa kutokana na ada za wagonjwa na misaada. Kwa hiyo unaweza kukuta watu wawili wodi moja, kazi moja, zamu moja, na mishahara miwili tofauti.

SI TAMAA TU

Wako wanaosema madaktari wa siku hizi wana tamaa. Tukumbuke mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wetu wa Simiyu ulipozaliwa. Madaktari waligoma nchini. Walidai mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, wakati serikali ilikuwa ikiwalipa chini ya milioni moja. Lakini walidai pia vifaa na mazingira bora ya kuwatibia wagonjwa. Mgomo uliwaumiza wagonjwa, nasi wauguzi tuliuona uchungu wao. Hata hivyo, madai yale hayakuwa ya mifuko ya madaktari peke yake.

Tukumbuke pia mwaka 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma siku 100, na Rais John Magufuli akakubali kupeleka madaktari 500 wa Tanzania huko. Shauri likafunguliwa mahakamani Kenya, safari ikakwama. Ndipo Rais akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo waajiriwe hapa nyumbani. Fikirini, ndugu wasomaji: walikuwako madaktari waliohitimu wasio na kazi, na papo hapo zilikuwako wodi zisizo na daktari. Kilichokosekana hakikuwa watu. Ilikuwa fedha ya kuwalipa.

NENO TULILOLITUMIA VIBAYA

Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipandisha mishahara ya watumishi wa afya, na hospitali za makanisa zikapoteza wengi waliohamia huko. Sisi tulikuwa katika hospitali moja ya misheni. Daktari wetu kijana alikuwa hajapata mshahara miezi mitatu. Mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Alipotulalamikia tulimwambia, "Vumilia, baba, kazi yetu ni wito." Alitutazama, akajibu kwa upole, "Mama, wito haulipi ada."

Aliondoka siku ya Ijumaa. Usiku wa Jumapili akaletwa mama mwenye uchungu wa siku nzima, mtoto amekwama. Wa kumpasua hakuwapo. Tulimpakia garini kwenda hospitali nyingine, tukimshikilia njia nzima kwa sababu ya mashimo. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku ile hatumwambii mtu habari za wito kabla ya kumwuliza kama amelipwa. Kanisa lenyewe halikufundisha hivyo tulivyofanya. Mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, Papa Leo wa Kumi na Tatu alieleza kwamba ujira wa haki lazima utoshe kumtunza mfanyakazi. Wito unamfanya mtu aamke saa nane za usiku kwa ajili ya mgonjwa. Haumfanyi mtoto wake ashibe. Wazee wetu walisema, mkono mtupu haulambwi.

LAKINI FEDHA PEKE YAKE HAITOSHI

Tumeona pia madaktari waliolipwa vizuri wakahama. Mmoja aliondoka kwa sababu nyumba aliyopewa haikuwa na maji. Mwingine alichoka kupasua bila damu ya akiba na bila mwenzake wa kushauriana naye. Daktari kijana akiachwa peke yake huogopa, na akikosea hana wa kumsahihisha. Nyumba, maji, vifaa, mwenzake wa kazi na nafasi ya kusoma: haya humshikilia mtu pamoja na mshahara.

TUFANYE NINI?

1. Tulipe deni la hospitali. Tunajua pamba haiuzwi kila mwezi, na maskini asifukuzwe. Lakini mwenye uwezo anayetoroka bili yake anachukua mshahara wa mtumishi.

2. Tujiunge na bima ya afya wakati tuna fedha, yaani msimu wa mavuno. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima inayolipa kwa wakati inaiwezesha hospitali kulipa watumishi kwa wakati.

3. Walei walio katika kamati na bodi za hospitali waulize kila kikao: watumishi wamelipwa mpaka mwezi gani? Nyumba ya daktari ina maji?

4. Wazazi wenye mtoto daktari wamsaidie kuuliza vizuri. Mshahara unaobaki mkononi ni kiasi gani, baada ya kodi, mfuko wa hifadhi, na asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu kama alikopa? Je, mkataba umeandikwa? Je, wanalipa kwa tarehe? (Hili waulizwe wauguzi wa pale, si mwajiri.) Nani atamfundisha kazi? Atalala wapi?

Jumapili iliyofuata tulimjibu yule mama. Tulimwambia, "Msimchagulie kwa hesabu ya ng'ombe. Ng'ombe walimpa elimu, hawakumnunua. Wala msimwambie wito ili akubali kuonewa. Mwacheni aende akaone kila mahali kwa macho yake."

Akacheka kidogo. Akasema kijana amekwisha panda basi la Meatu, kuitazama nyumba ya daktari kama ina paa.

Tuwaombee watumishi wote wa afya, nasi tuwatendee haki. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.