Tovuti ya biashara nayo inahitaji ghala la pili

MFANYABIASHARA wa Nyamisati, wilayani Kibiti, anajua hatari ya kupakia mali yote ya msimu katika chombo kimoja. Bahari ikichafuka, hana cha kuanzia. Lakini mtu huyohuyo akifungua tovuti ya kutangaza bei za kaa na kamba, au mwenye nyumba ya wageni akipokea humo oda za abiria wanaovuka kwenda Kilindoni, Mafia, mara nyingi kila kitu huachwa sehemu moja: kwenye seva ya kampuni inayotunza tovuti hiyo.

Hasara ya mtindo huu ilionekana Machi 10, 2021, mjini Strasbourg, Ufaransa, pale moto ulipoteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH. Hakuna aliyeumia, lakini mamilioni ya tovuti yalizimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliweza kuanza upya. Wale ambao nakala zao zilikuwa katika jengo hilohilo walipoteza vyote, tovuti na akiba yake.

Nini kihifadhiwe

Tovuti ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni mafaili, yaani kurasa na picha. Ya pili ni hifadhidata, ambamo hukaa bei, oda na majina ya wateja. Anayehifadhi mafaili peke yake ameokoa gunia akaacha korosho. Kama barua pepe za biashara nazo zinakaa kwenye akaunti hiyo, zihifadhiwe pia.

Akaunti nyingi huendeshwa kwa programu ya cPanel, yenye sehemu iliyoandikwa Backup. Hapo mwenye tovuti anaweza kutengeneza nakala ya akaunti nzima, au ya mafaili na hifadhidata kila moja peke yake. Nakala hiyo isiachwe kwenye seva, bali ipakuliwe na kuwekwa kwenye kompyuta au flashi.

Hata hivyo, nyumbani peke yake hakutoshi. Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikapiga Mafia. Kompyuta iliyoingia maji haina msaada. Kwa hiyo weka nakala nyingine kwa ndugu unayemwamini aliye mbali, na uandike tarehe juu yake.

Ni mara ngapi? Jiulize: nikipoteza oda za siku ngapi, biashara itayumba? Anayepokea oda kila siku ahifadhi hifadhidata kila siku. Ambaye hubadilisha bei mara moja kwa mwezi anaweza kuhifadhi kila anapobadilisha.

Kurejesha

Tovuti ikiharibika, usikimbilie kubonyeza. Kwanza hifadhi hali iliyopo, hata kama ni mbovu, kwa sababu kurejesha hifadhidata ya wiki iliyopita hufuta oda zote zilizoingia baada ya hapo. Kama imeingiliwa na wahalifu, badilisha maneno ya siri, chagua nakala ya kabla ya uvamizi, kisha mwombe fundi azibe mlango walioingilia. Vinginevyo watarudi.

Baada ya hapo rudisha mafaili, kisha hifadhidata. Hakikisha jina la hifadhidata na neno lake la siri vinalingana na yaliyoandikwa kwenye faili la mipangilio ya tovuti. Visipolingana, kurasa hazitafunguka. Aidha, kwa kawaida nakala ya akaunti nzima hurejeshwa na kampuni yenyewe, si mteja. Ulizeni mapema kama kazi hiyo inalipiwa na huchukua muda gani.

Jambo jingine ni umiliki. Wengi humwachia fundi kila kitu. Akihama au akibadilisha namba ya simu, mwenye biashara hana hata neno la siri. Akaunti na jina la tovuti viandikishwe kwa jina la mwenye biashara, na ada zake zilipwe kwa wakati, kwani akaunti isiyolipiwa inaweza kufutwa.

Mwisho, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haina tofauti na mbegu ambayo haijapimwa uotaji. Angalau mara moja kwa mwaka, mwombe fundi airejeshe pembeni, pasipoonwa na wateja, nanyi mhesabu kama oda na bei zote zimo. Afadhali kugundua pengo siku hiyo kuliko siku mnunuzi anapongoja mzigo.