Je, Wajua? Koleo la Kung'olea Swichi za Kibodi
Je, wajua kwamba swichi ya kawaida ya kibodi ya kimakanika, ikaayo katika tundu la mraba lenye upana wa milimita 14, hushikwa na vijino viwili vya plastiki vinavyoelekeana? Kwa hiyo fundi aagizaye koleo la kuing'olea, kabla hajaridhia thamani yake, yampasa azitazame ncha zake: ziwe za chuma cha pua, nyembamba na madhubuti, zipate kuvibana vijino vyote kwa pamoja na kuivuta swichi wima, kwani ncha nene huteleza na kuparuza. Aidha, swichi iliyolehemiwa haing'olewi kwa koleo asilani, ila baada ya kuyeyushwa lehemu yake, la sivyo bodi ya saketi itaharibika.