Moto Uliotupa Maji

Haya wajukuu, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala jini, ingawa shetani yumo.

Kwanza mtulie: chini ya Mji wa Kale wetu hapa Mombasa hakuna moto. Mwamba uliobeba Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni matumbawe. Viumbe wadogo wa baharini waliujenga zamani, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Jiwe letu ni mwana wa maji. Mawe yaliyozaliwa na moto yako bara.

Huko bara ardhi inavutwa huku na huku, polepole mno, na mpasuko wake ndio Bonde la Ufa. Ardhi ikitanuka, mwamba wa moto ulio chini kabisa hupunguziwa mzigo unaoubana, na sehemu yake ikayeyuka. Mawe hayo yaliyoyeyuka ndiyo magma. Kwa kuwa ni mepesi kuliko mwamba unaoyazunguka, hupanda yakitafuta ufa. Yakishatoka nje, huitwa lava, na mlima unaojengwa nayo huitwa volkano.

Mbona basi mlima mmoja hulipuka kwa kishindo, na mwingine humwaga tu? Mmemwona mpishi wa halua? Ikiwa bado nyepesi, mapovu hupasuka bila fujo. Ikianza kukaza, povu hunaswa, likavimba, na likipasuka humrukia mpishi mkononi. Magma nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa nyepesi, gesi hutoka kwa amani na lava hutiririka. Ikiwa nzito, gesi hubanwa mpaka irushe mawe na majivu angani.

Tabia hiyo ndiyo inayoupa mlima umbo. Lava nyepesi hufika mbali kabla ya kuganda, ikajenga mlima mpana wenye mteremko wa taratibu: hiyo ni volkano ya ngao, mfano Karthala kule Ngazija. Lava nzito hurundikana karibu na mdomo, tabaka la lava juu ya tabaka la majivu, hadi mlima ukawa Kilimanjaro, mita 5,895. Na vipande vya lava vikirushwa na kuanguka kandokando ya tundu, hupatikana kilima kidogo chenye kilele kilichobonyea.

Wakaidi hawakosi. Nyiragongo, kule Kongo, una mteremko mkali, ilhali lava yake ni nyepesi ajabu. Mwaka 2002 ilishuka mbio ikaingia ndani ya mji wa Goma.

Volkano hugawanywa pia kwa uhai. Nyiragongo ni hai. Ulilipuka tena mwaka 2021. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kimelala. Mawenzi na Shira, ndugu zake, ni wafu.

Sasa shetani. Kati ya Nairobi na Mombasa kuna Vilima vya Chyulu, mamia ya vilima vidogo vya aina ile ya vipande vya lava vilivyorushwa. Vilitema moto mara ya mwisho katikati ya karne ya 19, jana tu kwa umri wa milima. Chini yake, katika Tsavo Magharibi, limelala bonge la lava nyeusi. Wenyeji walioona ardhi ikiwaka walisema ni shetani anatoka, na jina la Shetani limebaki mpaka leo.

Juu ya Chyulu hakuna mto. Mvua ikinyesha, majivu na lava yenye vitundu huinywa yote. Maji hushuka hadi kwenye mwamba usiopenyeka, yakasafiri chini kwa chini, yakaibukia chemchemi za Mzima, maangavu, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Tangu miaka ya 1950 sehemu yake huletwa na bomba mpaka Mombasa, safari inayopita kilomita 200.

Kwa hiyo msitu wa Chyulu, unaoyalinda maji hayo, ukichomwa au ukikatwa, asiyejua atasema hayo ni ya watu wa bara. Nyinyi mnajua ni mtungi wa nani unaotobolewa.