Kigae cha Mchina ni Ukurasa wa Historia Yetu

 Wiki hii najibu barua ya msikilizaji wetu wa Manyoni. Anasema nyumbani kwao ipo sahani nyeupe yenye maua ya buluu, aliyokuja nayo marehemu babu yake kutoka pwani alikokwenda kufanya kazi ya mkonge. Hivi karibuni amepita mtu anayenunua vitu vya kale, akamwambia kuwa sahani hiyo ni ya Uchina, ya miaka mia tano iliyopita, na kwamba akipata nyingine, hata zilizovunjika, hata za kuchimbua, atazichukua zote. Msikilizaji anauliza: je, huu ni utajiri? Swali ni fupi, lakini jibu lake ni refu, na linatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari.

Kwanza tuelewe kauri ni kitu gani. Chungu chetu cha kawaida hufinyangwa kwa udongo na kuchomwa kwa kuni mahali pa wazi. Kauri hufanywa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na unga wa jiwe maalumu, kisha ukachomwa katika tanuri lenye joto la kama nyuzi 1,300. Kaolini si kitu cha ajabu. Hata vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vinayo kwa wingi. Ajabu ilikuwa ni ufundi wa tanuri. Wachina waliumiliki ufundi huo kwa karne nyingi, na Wazungu walifanikiwa kuupata mwanzoni mwa karne ya 18, huko Meissen, Ujerumani.

Vyombo hivyo vilifikaje kwetu? Vilikuja kwa jahazi na kwa upepo. Kutoka Uchina vilipelekwa bandari za India na Ghuba, na kutoka huko kaskazi ikavisukuma hadi Lamu, Malindi, Unguja na Kilwa. Kusi ilipovuma, majahazi yalirudi na pembe za ndovu, dhahabu ya Sofala na bidhaa nyingine. Safari nyingi zilifanywa kwa mikono ya wafanyabiashara wa katikati, ingawa merikebu za Wachina wenyewe, chini ya jemadari Zheng He, zilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15.

Watu wa pwani hawakuvitumia vyombo hivi kwa kulia chakula tu. Katika nyumba za mawe za Lamu waliviweka kwenye zidaka, yaani vile vijishubaka vya ukutani, ili mgeni akiingia ajue yuko nyumbani kwa nani. Mabakuli mengine yalipachikwa kwenye kuta za misikiti na kwenye makaburi yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukusanyaji wa kauri za Uchina haukuanza na watalii wala matajiri wa Ulaya. Babu zetu wa pwani walikuwa wakusanyaji kabla yao.

Mwaka 1955 alifika hapa Tanganyika mwanaakiolojia mashuhuri wa Kiingereza, Mortimer Wheeler. Baada ya kutembea kati ya Dar es Salaam na Kilwa alishangaa wingi wa vigae alivyoviona, akasema kwamba historia ya nchi hii tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya Uchina. Huenda alitia chumvi, maana wenyeji walikuwa na vyungu vyao, sarafu zao na majengo yao. Lakini alikuwa na hoja.

Hoja yenyewe ni hii. Mitindo ya kauri za Uchina inajulikana ilibadilika lini. Vyombo vya kijani kilichopoa, vilivyotoka Longquan, vilienea sana kati ya karne ya 13 na 15. Baadaye vikatawala vyeupe vyenye michoro ya buluu, vingi vikitoka mji wa Jingdezhen. Sasa chukua mfano wa mchimbuaji aliyekuta kigae cha kijani chini ya sakafu ambayo haijawahi kuvunjwa. Sakafu haiwezi kuwa ya zamani kuliko kigae kilicho chini yake. Bakuli lenyewe laweza kuwa lilirithiwa na vizazi viwili au vitatu kabla ya kuvunjika, kwa hiyo kigae hakitaji mwaka wa nyumba; kinaweka mpaka tu kwamba nyumba haikujengwa kabla ya hapo. Akiupanga mpaka huo pamoja na sarafu, vyungu vya wenyeji na tabaka za udongo, anaanza kujua nani alijenga, na lini. Kazi ya namna hiyo ndiyo aliyoifanya Neville Chittick huko Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, na ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Lakini kigae hicho kikichimbuliwa usiku kwa jembe na kuuzwa, kinakuwa kipande cha sahani tu. Hakuna tena ajuaye kilikuwa chini ya sakafu gani, wala kando ya kitu gani. Nenda leo kwenye makaburi ya nguzo ya pwani. Mara nyingi utakuta matundu ya duara mahali yalipokuwa mabakuli. Aliyebandua alipata fedha ya siku chache, na pengine bakuli lilimpasukia mkononi. Sisi tumebaki na tundu.

Tukirudi kwa sahani ya Manyoni, nashauri ichunguzwe kwa utulivu. Tazama mgongoni. Ikiwa imeandikwa jina la nchi kwa herufi tunazozisoma sisi, kwa kawaida haizidi miaka ya 1890. Alama ya Kichina peke yake si ushahidi, kwa sababu mafundi wa baadaye waliiga alama za wafalme wa zamani. Tazama maua. Ya mkono huonyesha mapito ya brashi, penye rangi nzito na nyepesi. Yaliyochapwa hufanana mno, na aghalabu utaona mahali karatasi ya chapa ilipounganishwa. Tena, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 viwanda vya Ulaya, hasa vya Maastricht huko Uholanzi, vilileta Unguja na pwani yote sahani nyingi za mapambo. Baadhi ya sahani zinazoitwa za Mchina hutoka huko.

Wanunuzi nao hupenda kutaja bei za mnada. Ni kweli, mwaka 2014 kikombe kidogo chenye picha ya kuku, cha nasaba ya Ming, kiliuzwa Hong Kong kwa dola za Marekani zipatazo milioni 36. Lakini kile kilitengenezwa kwa ajili ya ikulu ya mfalme. Vilivyoletwa kwetu vilikuwa vyombo vya biashara, vilivyopakiwa kwa wingi. Anayemtajia mwanakijiji bei ya ikulu, au kumtaka akachimbe, anamtafutia matatizo.

Maana sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na yaliyomo. Kuchimbua bila leseni ni kosa, na kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Sahani ya kurithi ni suala jingine. Hiyo itunzwe na wenyewe, na waandike kwenye daftari babu aliipata wapi, mwaka gani, na kwa nani. Maelezo hayo yana thamani hata kama sahani yenyewe ni ya Maastricht.

Nimesema jambo hili linatuhusu sisi wa Singida. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo na kulikata pori la Mgunda Mkali, upande wa Itigi. Pembe zilizopandisha hadhi ya pwani zilipita kwenye ardhi hii zikiwa mabegani mwa watu. Na sisi tunayo mapango yenye michoro, kama majirani zetu wa Kondoa ambao michoro yao iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini huko huko chini ya michoro wapo watu wanaochimba wakitafuta rupia na mali wanayodai Wajerumani waliificha. Wanavuruga udongo uliokaa kwa maelfu ya miaka, na mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Ukikuta vigae, mifupa au vyungu vya kale shambani, usivihamishe. Weka alama mahali pale, kisha mwone afisa utamaduni wa wilaya yako. Na akija mnunuzi anayekuhimiza uchimbe, mwulize kwanza kibali chake. Mali isiyojulikana ilikotoka humtajirisha mchuuzi. Historia ikishachimbuliwa hovyo, hakuna duka linaloiuza tena.